Kitambaa cha Lasi Nilichopewa Njiani

Ndugu zangu wa barazani Tanga,

Barua yenu imefika, ikiwa na miandiko ya watu wanne na doa la chai ambalo najua ni la Petro. Mnauliza kama niko hai, kama ni kweli nimeoa, na kama ni kweli yale mengine yanayosemwa. Niliomba ruhusa ya siku kumi na nne, na sasa mwezi wa tatu unakwisha, cherehani yangu imefunikwa gunia. Mna haki ya kuelezwa. Lakini nitaeleza kituo kwa kituo, maana nikianzia mwisho hamtaniamini, na mimi mwenyewe ziko siku siamini.

Mnamkumbuka Zuwena wa sahani za santuri, yule ambaye mkahawa wa mbele yetu ulikuwa ukimpiga mpaka sindano inakwaruza. Kila akianza kuimba nilikuwa nawaambieni, "Huyu wa kwetu Jang'ombe, nyumba ya tatu kutoka yetu. Nilimposa nikiwa na miaka kumi na tisa, wakaninyima." Nanyi mkicheka mpaka mnapoteza sindano. Kisha ikaja ile barua ya mistari mitatu: ameachika, yuko Bwejuu kwa shangazi yake anapunga upepo, niende kabla mwezi haujaandama, na nisimwambie mtu. Niliwaambia nyote kabla ya chai ya saa nne.

Tanga mpaka Wete

Nilipanda meli nikiwa nimevaa suruali mpya, na moyoni nshajenga nyumba, nshaipaka chokaa, nshapanda mlangilangi mlangoni. Ndivyo nilivyo, mnanijua.

Wete ilikuwa tushushe mizigo saa mbili tu. Tukakaa siku mbili. Kulikuwa na magunia ya karafuu yaliyokuwa hayajafika pwani, na nahodha alikula kiapo kuwa haondoki bila ya hayo magunia. Sitaha nzima ilinuka karafuu hata maji ya kunywa yakawa na ladha yake. Nilikuwa na mkate wa ufuta wa kutoka Tanga, jirani yangu ana kuku wa kukaanga, tukaungana. Alikuwa fundi wa saa, mtu mwembamba, jicho moja limezoea kukazwa hata akikutazama usoni. Siku ya pili nilishindwa kujizuia, nikamwonyesha barua.

Akaisoma mara mbili. Akaigeuza, akatazama nyuma.

"Huyu bibi amesoma skuli?"

"Walaa. Chuo cha Kurani tu. Tulikaa mkeka mmoja."

"Basi anaandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu."

"Naam."

"Na hii imeandikwa kwa herufi za kizungu, tena mwandiko wa karani, hebu ona mkia wa hiyo y. Mwanamume kaandika barua hii, bwana. Mwanamume anakuita kwa mwanamke aliyeachika, anakwambia usimwambie mtu." Akanirudishia. "Kuku bado, au umeshiba?"

Nilikuwa nimeshiba ghafla. Mkia wa y ulikuwa mrefu kweli, na mimi niliilalia barua ile chini ya mto siku tisa bila ya kuuona.

Wete mpaka bandarini Unguja

Tulipofika Unguja nilitaraji hakuna wa kunipokea, maana nilikuwa sikumwandikia hata mama. Nikateremka na sanduku langu, na mara nikasikia jina langu.

"Wewe ndiye Makame fundi, wa Tanga?"

Alikuwa bwana wa makamo, kanzu nyeupe safi, kofia iliyodariziwa vitobo vidogo vidogo, bakora mkononi. Sauti ya upole. Akasema ametumwa na watu wa Zuwena waniangalie nisipate taabu. Nikamshika mkono kwa mikono yote miwili, nikamwita mjomba. Hakukataa.

Akanipeleka mkahawa mmoja wa ghorofani Mji Mkongwe, tukapita vichochoro vile nilivyokuwa nikivikimbia utotoni, na kila mwenye duka alimwamkia kwa heshima. Nikaletewa biriani, halwa ya moto, na kahawa. Yeye hakula. Alinitazama nikila, kama mtu anayetazama ng'ombe kabla ya kuulizia bei.

Nami nilimtazama. Mnajua ugonjwa wetu: fundi hawezi kukaa mbele ya mtu asimpime. Shingo inchi kumi na sita. Kiuno kimeanza kwenda mbele. Bega la kushoto limeshuka, si chini ya nusu inchi, na mshonaji wa kanzu yake kakishona kifua kana kwamba mabega yako sawa. Niliona huruma. Nilitaka kumwambia, nikaona aibu.

"Umekuwa mpole tangu utoto?" akaniuliza.

"Watu husema hivyo, mjomba."

"Vizuri. Upole ni kitu kizuri kwa shughuli kama hii."

Akasukuma mezani furushi la karatasi ya kahawia. Ndani mlikuwa na lasi, ile hariri nzito ya rangi ya maziwa, ya kutosha koti zima na ziada. Kitambaa cha namna ile tuliwahi kukigusa mara moja, alipokuja yule mwenye shamba la katani. "Ushone la harusi yako," akasema. "Shughuli ikiisha tutaonana tena. Siku tatu nimekuja bandarini kukungoja."

Nilimshukuru mpaka ngazini. Nilipofika chini, jua likanipiga kichwani, nikajiuliza: ni mjomba gani huyu anayesimama bandarini siku tatu kwa ajili ya fundi wa barazani?

Mji Mkongwe mpaka Jang'ombe

Nilivuka ng'ambo kwa miguu, furushi kwapani. Mama alikuwa akipepeta mchele. Nikatoa shikamoo, akaitika marahaba, akalia kidogo, akanifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akaniuliza nimekuja kwa nani. Nikamwambia.

Hakuligusa lile furushi. Alilizunguka kama mtu anavyozunguka nge.

"Zuwena wa sahani," akasema. "Wanaume wa mjini wanapigana vikumbo wamsikie anakohoa. Anakutaka wewe kwa nini?"

"Labda ananikumbuka, mama."

"Miaka sita hakukukumbuka, kakumbuka mwezi huu." Akapepeta, akapuliza makapi. "Talaka yake ya ngapi?"

"Sijui."

"Kaulize hilo kwanza. Ukipata jibu, ndio uje unambie habari ya kukumbukana."

Usiku ule mama alinipikia wali wa nazi na changu wa kuchoma, vitu ninavyovipenda.

Jang'ombe mpaka Paje

Gari la abiria la kwenda shamba liliondoka asubuhi, likaharibika kabla ya adhuhuri. Kwanza maji ya injini yalichemka, kisha mpira ukapasuka, dereva akatembea kutafuta msaada na kutuacha kwenye kivuli cha msitu, nasi tukafungua vyakula. Mwanamke mmoja mnene, mwenye mapakacha matatu ya vitunguu anayorudi nayo Paje, alinipa muhogo wa kuchoma na kunihoji kama hakimu. Nakwenda wapi? Bwejuu. Kwa nani? Nikasita.

"Sema, mwanangu, huku hakuna siri. Mgeni wa Bwejuu mwenye viatu vya mjini, au daktari au anakwenda kwa yule mwimbaji."

"Wa pili."

Wakaangukiana na mwenzake begani kwa kicheko. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama wanajua talaka yake ni ya ngapi.

"Tatu," akasema, "na zote kwa sababu ya kuimba. Bwana Nassor ana mali na ana hasira. Kamwacha alipokwenda kuimba Pemba, akamrejea. Kamwacha tena, akamrejea. Ya tatu kaimba arusini kwa shoga yake, akaitoa mbele ya mashahidi, na kesho yake kalia kama mtoto. Eda ishakwisha. Sasa watu wanasubiri tu wamwone huyo mwanamume."

"Mwanamume gani?"

Kicheko kikakatika. Akanitazama, akatazama furushi langu, akanimegea tena muhogo. "Kula, baba," akasema. "Kula tu."

Petro, naeleza kwa ajili yako. Kwetu mume akimwacha mke mara moja au mbili, anaweza kumrejea. Akifika ya tatu, mlango umefungwa, mpaka mwanamke aolewe na mtu mwengine, ndoa ya kweli ya kukaa pamoja, na huyo naye amwache kwa hiari yake au afe. Wako watu wanaoutengenezea mlango huo ufunguo. Humtafuta mtu asiye na maneno, wakamwoza, akakaa siku chache, akatoa talaka, na wa kwanza akarudi chumbani kwake. Mtu huyo huitwa mhalili. Dini inalaani jambo hilo. Watu hulicheka, na anayechekwa kuliko wote ni mhalili mwenyewe.

Mtu asiye na maneno. Upole ni kitu kizuri kwa shughuli kama hii. Siku tatu bandarini. Mkia wa y. Nilikaa chini ya mti na muhogo mkononi, nyumba yangu ya chokaa ikianguka ukuta kwa ukuta, na cha ajabu, sikugeuka. Gari lilipotengenezwa nilikuwa wa kwanza kupanda. Nilitaka nimwone akinidanganya kwa macho yangu.

Paje mpaka Bwejuu

Kutoka Paje nilitembea pwani, viatu mkononi, maji yamekupwa mbali. Nilimtarajia Zuwena juu ya kitanda cha samadari na manukato. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya shangazi yake, kaketi chini, kanga imefungwa kiunoni, anaponda makumbi kwa rungu. Haya ni maganda ya nazi waliyoyafukia matopeni miezi mingi mpaka yakaoza. Huyafukua, wakayaponda, wakatoa nyuzi za kusokotea kamba. Yananuka vibaya kuliko soko la samaki. Mikono iliyo kwenye picha za sahani ilikuwa nyeusi mpaka vifundoni.

"Umechelewa siku mbili," akasema.

"Karafuu."

"Kaa. Si hapo, pana maji."

Shangazi yake, Bi Mize, akakaa katikati yetu akisokota kamba juu ya paja, akijifanya kiziwi. Tulikula pweza wa nazi kwanza, maana Bi Mize alisema hakuna neno zuri linalotoka katika tumbo tupu. Kisha Zuwena akaniuliza nilipokewaje mjini. Nikamwambia: vizuri sana, mjomba wako alikuja bandarini.

"Mjomba yuko kitandani mwezi mzima, anaumwa miguu."

"Basi mwengine. Bwana wa makamo, ana bakora. Shingo kumi na sita. Bega la kushoto limeshuka nusu inchi."

Rungu likasimama hewani. Akaliweka chini taratibu.

"Huyo ni Nassor," akasema.

Bi Mize akaacha kusokota.

Nikafungua furushi, nikatandaza lasi mkekani mbele yake. Hariri ile ilimeremeta pale penye matope kama kitu kilichoibiwa. "Kanipa hii. Kanilisha na biriani. Zuwena, barua iliandikwa na nani?"

"Na mjomba."

"Na jina langu lilitajwa na nani?"

Nilikuwa nshajua jibu, nilitaka tu lipite mdomoni mwake.

"Na mimi. Mjomba na Nassor walipanga, wakanambia nitaje mtu mpole, atakayetoa neno lake bila ya kelele. Nikakutaja wewe."

"Ahsante."

"Usinishukuru kwa kejeli, Makame. Nakwambia kweli. Nilikutaja kwa sababu hiyo. Kisha nikaja huku kumaliza eda, na kila nikipiga makumbi nikajiuliza kwa nini jina lako lilikuwa tayari ulimini, mbele ya majina yote. Nassor alitaka nisiimbe. Wewe ulikuwa unakaa nje ya dirisha letu unanishikia taa ya kandili nijifunze maneno."

"Maneno mazuri," nikasema. "Kazi yako maneno mazuri. Nimeyasikia Tanga miaka mitatu, kwa sahani, na mkahawa mzima ulidhani unaimbiwa."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo, lakini ndivyo nilivyosema. Macho yake yakajaa, asilie.

"Basi usiniamini," akasema. "Sikuombi uniamini. Nioe, halafu usiniache. Talaka haiko mkononi mwangu wala mwa Nassor, itakuwa mkononi mwako. Mpango wao wote unasimama juu ya neno moja litakalotoka kwako. Usiliseme."

"Na ukiniomba wewe mwenyewe niliseme?"

"Hapo ndipo utakapojua. Na bado litakuwa lako."

Bi Mize akakohoa. "Mwanangu, umetoka Tanga," akasema. "Kazi unayopewa ni kunyamaza. Hata hiyo kubwa?"

Nikasema nina sharti moja. Ndoa za namna ile hufungwa shamba, kimya, mashahidi wawili na mlango umerudishwa. Yetu ifungwe Jang'ombe, msikiti wa mtaani, baada ya sala ya Ijumaa, mchana, kila mtu akiona.

"Hilo nilitaka kukuomba mimi," akajibu, upesi mno. Na upesi ule nao nikaushuku.

Kurudi Jang'ombe

Njia nzima ya kurudi sikumtazama. Yeye na Bi Mize walikaa na wanawake, mimi nyuma na dereva wa akiba. Pale Paje alipanda yule mama wa vitunguu, akatuona, akafunika mdomo kwa kanga. Nilijiambia: wiki moja tu, ataanza kulalamika kichwa kinamuuma, nyumba ndogo, cherehani ina kelele, na mwishoni, Makame, tusidanganyane.

Mama alikuwa mlangoni. Alimwangalia Zuwena kutoka juu mpaka kwenye kucha zenye weusi wa makumbi.

"Shikamoo, mama," akasema Zuwena.

"Marahaba. Talaka yako ya ngapi?"

"Ya tatu, mama. Sitaki ya nne."

Mama akasogea pembeni ya mlango. "Ingia, chai inapoa," akasema.

Ndoa ilifungwa Ijumaa. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine kwa kunitakia heri, wengi kwa kunihesabia siku. Siku ya nane mjomba mtu akaletwa kwa gari, miguu imefungwa vitambaa. Alikaa kibarazani, akanambia kwa upole kwamba Bwana Nassor anaona shughuli imetosha, na kwamba nisione haya. Nilisikia nyuma ya pazia bangili ya mke wangu inagonga sinia. Nikangoja aseme kitu, atoke, akohoe hata. Hakutoka. Nikamwambia mjomba: mwambie koti halijawa tayari.

Kisha nikaikata lasi. Nilikata kwa kipimo nilichokuwa nacho kichwani tangu siku ya biriani: shingo kumi na sita, kiuno kimeachiwa nafasi, na chini ya bega la kushoto nikaweka tabaka mbili za pamba, nikazishindilia kwa mkono mpaka mabega yakawa sawa. Sijawahi kushona koti zuri vile. Zuwena alilitazama likikua, hakuniuliza ni la nani. Siku ya mwisho akakaa kando yangu, akachukua vifungo.

"Hivi niachie mimi," akasema.

Nilijifanya napiga pasi. Nilikuwa namchunguza kama polisi: atakinusa kitambaa, atakipapasa, atashusha pumzi? Akashona vifungo vitatu, akazungusha uzi, akaukata kwa meno, akalitikisa koti mara moja kama mtu anayetikisa kitambaa cha meza.

"Mpelekee," akasema, akaenda kuosha vyombo, na huko akaanza kuimba.

Nililipeleka mwenyewe Mji Mkongwe. Bwana Nassor alinipokea sebuleni kwake, penye kioo kirefu cha fremu ya mninga. Aliona lasi yake, akafikiri namrudishia kazi iliyokwisha, uso ukamchangamka. Akavaa. Akajitazama. Nadhani alikuwa hajapata kujiona na mabega yaliyolingana maisha yake yote. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akasimama.

"Ulinipima lini?"

"Siku ile uliponipima mimi."

Akaelewa. Hakukasirika, au alikasirika kwa ndani. Akafunga kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kidole chake kikabaki juu ya cha mwisho, pale uzi ulipozungushwa mara nyingi kuliko ninavyozungusha mimi.

"Vifungo kashona nani?"

"Mke wangu," nikasema.

Nilikuwa nimelitamka neno hilo mara nyingi tangu Ijumaa ile, na kila mara nalisikiliza kama mtu anayegonga sarafu mezani. Safari hii sikulisikiliza.

Cherehani yangu mpeni Petro. Mkasi mkubwa uko kwenye droo ya kushoto, chini ya chaki. Huo nitumieni, nauhitaji huku.

Makame, Jang'ombe